Mbegu ya Nyanda

Jumapili, 1 Septemba 2024

Kondoo wa Kashinje, mke wa shemeji Abednego, amezaa mapacha. Nimewaona nikitoka kanisani — vitoto vyeupe, masikio meusi, vinayumba kama walevi. Nikampongeza. Akasema asante bila kunitazama, akavisogezea kanga yake avifunike. Kana kwamba macho yangu yana kijicho.

Kwetu hakuna. Tangu mvua ziishe hajazaa hata mmoja. Mwaka jana walizaa wachache, tukasema labda minyoo, tukawanywesha dawa. Mwaka huu matumbo ni ya kushiba tu. Na walivyonenepa! Ukiwaona unaweza kuwapiga picha ya kalenda. Wa Kashinje wamekonda kama waya na ndio wanaozaa.

Mama mkwe leo kanisalimia vizuri mno, kaniuliza mpaka habari za mahubiri. Nikajua kuna jambo. Kweli, tulipofika kisimani akasema kwa upole kwamba hawa kondoo walikuwa wanazaa sana walipokuwa mkononi mwake. Basi. Akajitwisha ndoo yake akaondoka.

Mkononi mwake. Nimekabidhiwa kundi mimi, goti lake lilipoanza kumsumbua. Na mwaka wa nne huu nimeolewa hapa bila mtoto. Hakusema zaidi kwa sababu hakukuwa na haja.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimefungua ngitili mapema leo, jua halijachomoza vizuri. Nawapenda wakiingia — wanasukumana getini kama watu wa gulio.

Kwetu Kibaoni hatuna kitu hiki. Nilipoolewa nilicheka: mnafunga majani? Ndiyo, Wasukuma wanafunga majani. Wanazungushia miiba eneo zuri, masika yote mnyama hakanyagi, kiangazi ndipo wanaingia waliochaguliwa. Wagonjwa, wanaonyonyesha, na wale wanaotegemewa kuzaa. Wengine wahangaike huko nje na mabua.

Ngitili yetu ndiyo bora huku njia yote ya Sitalike. Siyo maneno yangu, watu wanakuja kuitazama. Nyanda alitoa mbegu Ufipa, kwa mtu mmoja mwenye shamba la kondoo, akaimwaga bondeni kwenye chemchemi. Inaitwa klova. Majani matatumatatu, laini, na bonde halikauki, kwa hiyo mpaka leo Septemba ni kijani tupu wakati dunia nyingine yote ni rangi ya ugoro. Mama anaita “kolova”. Majirani wanaita majani ya Nyanda. Akilisikia hilo mume wangu anatembea kifua mbele wiki nzima.

Shemeji Abednego hakuja siku ya kufunga uzio. Nyanda akaapa kondoo wa kaka yake hawatatia mguu. Ndiyo maana wa Kashinje wanakula mabua. Kashinje alilia siku ile, nakumbuka, nikamwonea huruma.

Jumatatu, 16 Septemba

Mama aliamua siku ileile ya kisimani. Anasema dume letu amechoka. Akatuma ujumbe kwa kaka yake, Mjomba Manyanda, ambaye kesho yake alileta dume lake kwa pikipiki, kafungwa miguu, kichwa kinachungulia begani kwa dereva kama abiria mwenye haraka. Dume mwenyewe ana jina kubwa huko kwao. Alipofunguliwa hakuomba hata maji, akaingia kazini.

Tatizo ni kwamba anarudia walewale. Jike aliyepandwa wiki mbili zilizopita leo anapandwa tena. Kama mimba ingekuwa imeshika angemkimbia. Nimeliona hilo, na Mama kaliona.

Nimekaa getini nikawaza. Kondoo wamekosa kuzaa, mtu wa kwanza kutiliwa shaka ni dume. Haraka, bila kikao! Hakuna aliyeona aibu. Dume akapumzishwa, akaletwa mwingine.

Mwezi wa tatu nilienda hospitali mjini, nikalala Kawajense kwa Dorice tuliyesoma naye. Nesi Felista akanipima kila kitu. Akasema dada, kwako hatujaona tatizo, safari ijayo njoo na mzee. Niliporudi nikamwambia Nyanda. Alikuwa anakula. Akasema yeye haumwi popote. Akaomba kuongezewa mboga.

Ijumaa, 27 Septemba

Sijui niandikeje hili.

Tuna kondoo mmoja dume tuliyemhasi akiwa mdogo. Nyanda alimwita Padri kwa sababu hana habari na majike. Mungu atusamehe, lakini jina lilimkaa. Mpole, anatangulia wenzake, ukimwita anakuja.

Leo nilikuwa namtoa kupe. Mkono ukapita chini ya tumbo. Ana chuchu. Zile za kawaida za dume kila mtu anazijua, vidoti tu. Hizi zimevimba, ndefu, kama za jike aliyekaribia kuzaa. Nikafinya moja, kwa kutokuamini tu. Likatoka tone. Jeupe.

Maziwa. Padri ana maziwa.

Nikamwachia kama nimeungua. Nilipogeuka Mama alikuwa amesimama kwenye uzio. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Alivua kitambaa cha kichwani, akakifunga upya taratibu, akaenda zake nyumbani akichechemea.

Bora angepiga kelele.

Jumamosi, 28 Septemba

Habari imefika mpaka dukani. Nimeenda kununua chumvi, wanawake wakaacha kuongea. Mwenye duka kaniuliza kwa utani kama maziwa ya Padri yanafaa kwa chai. Nikamwambia aje achukue kikombe. Wakacheka wote, mimi nikacheka pia. Nikatembea mpaka kona, nikasimama nyuma ya mti nikalia nikamaliza, nikaenda kupika.

Hilo nalimudu. Lililoniumiza ni jingine. Watoto wa Kashinje kila Jumamosi wanakula kwangu. Ni desturi yetu — wali wangu, maharage ya nazi ambayo mama yao anasema ni anasa. Leo hawakuja. Nikaenda kuwaita. Kashinje kasimama mlangoni, kaniambia wana mafua.

Nilikuwa nawasikia wanaimba ndani.

Nyanda nimemweleza. Nikamwuliza unadhani ni mimi? Akasema achana na maneno ya watu. Mimi sikuuliza ya watu.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimempigia mwenyewe Bwana Kasimiri, afisa mifugo wa kata. Sikumwomba mtu ruhusa. Kaja na pikipiki yake, na viatu vya plastiki mpaka magotini, jua lote lile.

Mwanamume wa maswali. Kaanza na madume, yote mawili. Kawashika sehemu zao, kapima kwa mkono, kafinya, kainua, kaangalia, bila haya, huku anaongea habari za mpira. Nyanda alikuwa ameshika pembe na alikuwa anatazama mawinguni. Kasimiri akasema wako vizuri. Kachukua damu za majike kwenda kupimisha, kuna ugonjwa wa kutupa mimba anataka kuhakikisha kwamba haupo.

Halafu Padri. Hapo aliacha habari za mpira. Kamfinya, tone likatoka, kalipaka kidoleni akalinusa. Akauliza: hawa wanakula nini?

Nyanda akang'aa. Alikuwa amesubiri swali hilo tangu asubuhi. Akampeleka bondeni, akamwonyesha mwanzo wa shamba mpaka mwisho, akamweleza alivyobeba mbegu kwenye begi la mgongoni kutoka Ufipa, alivyomwaga, alivyofukuza ng'ombe za watu. Kasimiri akachuma konzi nzima akaitia kwenye mfuko wa nailoni. Akauliza kama kuna kondoo wengine wasiokula haya. Nikasema wapo, wa shemeji. Wanazaa? Wanazaa.

Akaandika, akasema atarudi. Nyanda kaniambia jioni: umeona afisa alivyoyapenda majani yangu.

Jumapili, 6 Oktoba

Bibi Harusi amekwenda.

Ndilo jike nililopewa siku ya harusi, na shanga shingoni. Asubuhi nimemkuta amelala pembeni, mfuko wa uzazi wote umetoka nje, mwekundu, nzi wameshaujua. Hakuwa na mimba. Hakuwa na kitu cha kumsukuma. Nimeosha kwa maji ya chumvi nikajaribu kurudisha kama Kasimiri alivyonielekeza kwenye simu, unatoka tena. Mikono yangu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ananitazama tu.

Nyanda kamchinja kabla hajafa. Mama kasema nyama isiingie jikoni kwake. Ikazikwa. Hata mbwa hawakupewa.

Sikwenda kanisani. Sikuwa na la kusema huko.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimefungua ngitili. Wameingia wanasukumana. Nimefunga.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nataka kuliandika la leo lote, nisisahau hata moja.

Kasimiri kaja saa nne. Kamwomba Mama waitwe wote wenye kondoo, asirudie maneno. Kwa hiyo tulikaa uani: Mama kwenye kigoda, Mjomba Manyanda aliyekuja kuulizia dume lake, Abednego na Kashinje upande ule, mimi kwenye mkeka, Nyanda kwenye kiti kile cha plastiki, amekunja nne.

Kasimiri akasema damu ni safi, hakuna ugonjwa. Madume ni wazima. Walezi hawana kosa — alisema hivyo, walezi, akanitazama, na nilitaka kumwomba arudie kwa sauti zaidi. Halafu akageukia kwenye kiti cha plastiki akasema:

“Kwa hiyo kosa liko kwenye mbegu. Nyanda, mbegu uliyopanda wewe ndiyo iliyotufikisha hapa.”

Nilisikia kuku anakwaruza nyuma ya jiko. Mjomba akakohoa. Mama akatazama chini.

Nyanda kasimama mpaka kiti kikaanguka. “Nani kakuambia habari za mbegu zangu?” Kisha kwangu: “Umemwambia nini huyu? Unanitangaza mpaka kwa daktari wa mifugo?”

Maskini Kasimiri. Kainua mikono miwili. “Klova, bwana. Nasema mbegu ya klova. Majani.”

Kashinje alijificha kwenye kanga, mabega yanatikisika. Abednego kageuka kutazama paa. Hata Mama, nadhani, mdomo ulicheza kidogo. Nyanda akaokota kiti akakaa. Hakukunja nne tena.

Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mume wangu usoni na ndipo nilipojua. Mtu asiyeumwa popote hasimami haraka vile. Kumbe analiwaza. Kumbe naye usiku analala macho wazi upande wake, kama mimi upande wangu, na tunapishana kitandani bila kusalimiana.

Basi Kasimiri akaeleza. Klova hii ina kitu ndani ambacho kikiingia tumboni kwa kondoo kinafanya kazi kama homoni ya kike. Mwili unadanganyika. Jike anapandwa lakini mimba haishiki, maana njia ya uzazi imeharibika ndani taratibu. Aliyehasiwa anaota matiti. Mwingine anatokwa na mfuko bila hata mimba. Ikiwa mbichi ndiyo mbaya zaidi, na ya kwetu haikauki kwa sababu ya chemchemi. Siyo klova zote, kuna aina nyingine hazina shida, lakini hii ndiyo iliyotupata. Wakitolewa leo, waliokula kidogo wanaweza kupona baada ya kukaa mbali nayo muda mrefu. Waliokula sana, huenda basi tena. Kwa macho huwezi kuwajua. Watenganishwe nayo, wapewe muda, wapewe dume mzuri, ndipo tujue.

Mjomba akauliza mara mbili: majani? Majani tu?

Majani tu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nilidhani nitaamka mwepesi.

Geti la ngitili limefungwa kwa miiba, Nyanda kafunga mwenyewe alfajiri. Kondoo wamesimama nje wanalia. Wanaitaka. Wanasukuma miiba kwa pua.

Nimewaza nani alikula zaidi. Wale niliowapenda. Bibi Harusi nilikuwa namwingiza kwanza, peke yake, kabla ya wenzake, ashibe vizuri. Na wale Nyanda aliowanyima kwa hasira ndio wazima. Kashinje alililia geti lile na kama lingefunguliwa siku ile, leo asingekuwa na mapacha. Hilo nimeshindwa kuliweka mahali.

Mchana nimempelekea Mama maji ya kukanda goti. Nikiwa nimepiga magoti mbele yake akasema, bila ubaya, kama mtu anayetafuta tu ukweli: sawa, ni majani. Lakini aliyekuwa anawafungulia kila siku ni nani?

Nimeendelea kukanda. Nilikanda mpaka akasema inatosha.

Jumapili, 27 Oktoba

Kikao. Tumetoka muda huu.

Mjomba Manyanda ndiye aliyeongea kwa niaba ya wote. Mtu mzuri, hapendi shari, ndiyo maana hutumwa. Kasema kondoo wote watahamia kwake, kule juu kwenye nyasi kavu, wapumzike mvua zote hizi. Watakuwa na dume lake. Mvua zikiisha ndipo waangaliwe upya. Atakayezaa arudi. Ambaye hatazaa atajaribiwa tena msimu mwingine, maana Bwana Kasimiri kasema tusiwe na haraka nao.

Wote wakaitikia. Hata mimi.

Kisha akakohoa. Na mke wetu naye, akasema, amechoka. Mambo yamekuwa mengi. Familia inaona vema naye akapumzike kwao Kibaoni kidogo.

Akasema neno lilelile! Kupumzika. Nikamtazama Nyanda. Nyanda alikuwa anatazama makatambuga yake kama ndiyo kwanza ameyanunua.

Nikauliza: Mjomba, kondoo wanarudi lini? Akasema mvua zikiisha, ng'wanone, mwanangu. Na mimi?

Kashinje, ambaye hata sikutegemea, akainua uso akanitazama — mara ya kwanza tangu mapacha wale — halafu akainama.

Basi nikasema. Sikupanga. Sikupandisha hata sauti, hilo najisifu. Nikasema kondoo walipokosa kuzaa mlianza na dume. Mkaazima dume mwingine. Mkaita daktari, akawapima madume tena, akapima damu, akapima mpaka majani. Mimi hamkupima kitu. Mlianza na mimi, mmemaliza na mimi. Nimekwenda hospitali peke yangu, wakaniambia sina tatizo, nije na mume wangu. Mume wangu yuko hapo.

Mama akasema hayo hayasemwi mbele ya wajomba.

Nikasema basi yasemwe mbele ya kondoo. Nikaondoka. Hilo la mwisho lilikuwa la hasira, najua. Silitoi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mjomba kaja na watu wake, kondoo wameondoka. Padri katangulia kama kawaida, chuchu zake zinaning'inia, wenzake nyuma. Zizi limebaki na harufu tu.

Begi langu nimelipanga. Siyo kubwa. Niliyokuja nayo mengi yamechakaa.

Nyanda kalala kwa Abednego. Hawajaongea hao wawili tangu siku ya uzio, na sasa wamekuwa ndugu ghafla. Angalau nimewapatanisha.

Jumanne, 29 Oktoba

Kashinje kawaleta watoto. Jumanne, siyo Jumamosi. Kasema mafua yamepona. Nikapika nilichokuwa nacho. Walikula, wakakomba sufuria, mdogo akalala mapajani mwangu na mkono umejaa wali.

Kashinje akakaa mlangoni. Akasema Abednego kamwambia Nyanda huko kwake: hata wewe ungekuwa dume la Mjomba ungeshapimwa. Walikuwa wanacheka, akasema. Kisha hawakuwa wanacheka.

Nikamwuliza: Nyanda alijibu nini? Aliomba jembe, akasema.

Jumatano, 30 Oktoba

Anang'oa klova.

Nimemkuta bondeni, peke yake, amevua shati, analima kuanzia chemchemi kurudi nyuma. Hajalima vile hata shamba la mahindi. Majani ya Nyanda yamelundikwa mizizi juu, maua meupe yameanza kunyauka. Nimemletea uji kwenye chupa kwa sababu hata mtu akikufukuza hafai kufa na njaa. Tena hajanifukuza yeye. Ndilo kosa lake, hajanifukuza wala hajanizuia.

Akanywa amesimama. Akasema itaota tena, mbegu zimebaki ardhini, kazi ya miaka. Nikasema ndiyo.

Akatazama jembe. Halafu akasema, kana kwamba anaendelea na habari ya klova: “Kasimiri yule dume alimpima kwa kumshika tu?”

Nikasema kwa kumshika tu.

“Na watu?”

Nikasema polepole, kama unavyoongea na mnyama aliyekaribia geti. Nikasema watu hawashikwi sana. Nesi Felista alinieleza, wanakupa kikopo, unaingia chumba cha peke yako, unafunga mlango. Wanatazama kwenye hadubini.

“Wanatazama nini?”

“Mbegu,” nikasema.

Hapo nilidhani atakasirika. Akacheka. Kidogo, kwa pua. Kisha uso ukamgeuka nikaona ana hofu kweli, hofu ya mtoto aliyeambiwa ataenda kuchomwa sindano. Akasema na wakikuta mbovu? Nikasema na wakikuta nzima? Akasema hilo nalo baya, maana wewe walisema huna tatizo. Akasema Pudensi, nikijua siwezi kurudi kwenye kutojua.

Sikumwambia usijali. Sikumwambia itakuwa sawa. Nimechoka kuwaambia watu wa nyumba hii kwamba itakuwa sawa. Nilimwambia tu kwamba mimi naishi huko kwenye kujua tangu mwezi wa tatu, peke yangu, na kuna nafasi ya mtu wa pili.

Akarudisha chupa. Akaendelea kulima.

Nampenda mjinga huyu. Ndiyo hivyo.

Alhamisi, 31 Oktoba

Naandika nimesimama, daftari kwenye kizingiti cha dirisha.

Nyanda kaja alfajiri. Kaoga. Kavaa shati jeupe, lile la kwendea mjini — lakini pia ndilo alilovaa siku alipokuja kwetu Kibaoni na wazee wake, kwa hiyo shati halinisaidii. Kaazima pikipiki ya Abednego. Anajaza tairi upepo sasa hivi.

Nimemwuliza tunakwenda wapi. Kasema jiandae. Nikasema kujiandaa nimeshajiandaa tangu Jumatatu, nauliza wapi. Kasema tutafika lami kwanza.

Tutafika lami kwanza! Tukifika lami kuna kulia na kushoto tu. Kushoto ni mjini, unapita Shanwe unafika hospitali. Kulia ni Sitalike, mbuga, halafu Kibaoni kwa mama yangu. Mtu mzima anashindwa kusema kulia au kushoto.

Mama ametoka. Amekaa kwenye kigoda chake, kitambaa kichwani, anatutazama bila kutusalimia. Kashinje yuko kwenye uzio na mmoja wa wale kondoo wadogo kifuani. Hakumfunika.

Nimetia kadi ya hospitali ndani ya gauni, kifuani. Nikifika lami nitaitoa nimshikishe mkononi, halafu nitatazama mbele. Sitasema kitu. Nimeshasema.

Begi langu nimelitoa nje mwenyewe, liko mlangoni. Nyanda amemaliza tairi. Ameshika mpira wa kufungia mizigo, anaunyoosha, anaukunja. Analitazama begi. Amelitazama mpaka Mama naye ameanza kulitazama.

Hajaliinua.

Ananiita.